Linux kwenye saiba yangu Kondele: imekuja na wageni wengi

Nina saiba ndogo Kondele, Kisumu. Mashine tatu, printa moja, na wateja wa kodi (KRA), mikopo ya wanafunzi (HELB) na barua za kuomba kazi. Mashine moja yenye ramu ya giga 4 ilikuwa imechoka: mteja anamaliza kunipa habari za kwao zote kabla haijawaka. Nikatoa Windows, nikaweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kwa flashi. Toleo lenyewe silitaji, maana nina malalamiko nalo na bado ninalipenda.

Kuwaka, inawaka upesi sana. Kisha nikafungua menyu. Terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ya Kithai. Kigeuzi cha maandishi ya Kikhmer, lugha ya Kambodia. Kalenda ya Kiyahudi. Mozc, ya kuandikia Kijapani. Halafu michezo zaidi ya 10: Mahjongg, Sudoku, sataranji, karata, kutegua mabomu. Mama mmoja muuza omena aliyekuja kuchapisha cheti cha PIN alichungulia akaniuliza, "Nyathina (mwanangu), hii mashine ni ya nchi gani?" Nikamwambia, ni yetu, Mama, ila imekuja na wageni. Tulicheka mpaka printa ikamaliza kazi. Na kikagua tahajia cha Kiswahili? Hakikuwemo. Nilikipakua mwenyewe.

Sababu naielewa. Diski ni moja kwa dunia nzima, na mtu wa kijijini asiye na bando akikuta LibreOffice, ya kuandikia barua na hesabu, imo tayari, amepona. Lakini kila programu iliyomo ina masasisho yake, na bando langu linatoka kwenye kurasa ninazochapisha kwa shilingi 10. Mchezo ambao hakuna anayeucheza hapa usinilie bando.

Jioni nikafunga mlango, nikaanza kufyeka kwa apt purge, amri ya kufuta programu. Hapa nawaomba msome kabla ya kubonyeza. Nilitaja mchezo mmoja tu, ikanijibu kwamba kifurushi-mama cha deskitopu, kile kinachoshikilia programu zake zote pamoja, kinaondoka nao. Kujaribu apt autoremove, amri ya kufagia mabaki, ikanipangia orodha ndefu ya vitu "visivyohitajika tena", na kidhibiti cha mafaili kimo! Nikabonyeza n, yaani hapana, haraka. Ikabidi kwanza nivitie alama vile ninavyovitaka, kwa apt-mark manual, visifagiliwe, ndipo nikaendelea. Kufikia saa tatu usiku zilibaki LibreOffice, Firefox, kisomaji cha PDF na programu ya printa.

Simu yangu ya bei nafuu ilikuja na programu ambazo hazifutiki, zinazimwa tu. Huku nilifuta nilichotaka bila kuomba ruhusa ya mtu, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Nyota 4 kati ya 5.

Wengine wamelisikia lalamiko hili. Ubuntu, Linux ya aina nyingine, tangu toleo la 23.10, mwaka 2023, huweka seti nyepesi usipochagua vingine. Mashine ya pili naianza Jumamosi, na safari hii natumia kisakinishi kidogo, kile kinachokuuliza unataka programu zipi kabla ya kuzivuta.