Ganzi ilishika vizuri, shida ni walichokaa kimya

Hii kliniki nawapa nyota mbili na nitaeleza kwa nini, maana ile kazi yenyewe ya kusafisha mizizi ya jino sikuisikia kabisa, ganzi ilishika, daktari mpole, nikatoka salama. Siku tatu za mwanzo lilikuwa linauma kidogo nikitafuna, hiyo ni kawaida na inapungua yenyewe. Ningeandika wiki ile ningewapa tano.

Sasa shida ni walichokaa kimya. Walinipiga kizibo cha muda nikaenda zangu, hakuna aliyenitajia krauni (ile kofia ngumu ya kufunika jino zima) wala tarehe ya kurudi. Na mimi jino haliumi, nikajua limepona. Jamani gego likishatolewa mshipa halikustui tena, baridi halisikii, moto halisikii, na limeshachimbwa katikati zimebaki kuta tu, ukilitafunia kitu kigumu bila krauni linaweza kupasuka hadi kwenye mzizi na hapo ni kung'oa. Kile kizibo nacho ni cha wiki chache tu, kikianza kuachia mate yanapenya na bakteria wanarudi mlemle.

Miezi mitano baadaye kikaota kipele kwenye fizi juu ya lile jino, hakiumi, kinatoa usaha kinanywea halafu kinajaa tena. Nikakiacha wiki kadhaa, kosa kubwa sana, kile kipele ni usaha wa kwenye ncha ya mzizi umejitafutia mlango. Usikisubiri kiume ndo uende!

Daktari wa pili akapiga eksirei, kuna weusi kwenye ncha ya mzizi, yaani mfupa umeliwa na maambukizi, kizibo kimevuja, na njia moja ya ndani ya mzizi, ile iliyokuwa na mshipa, haikuguswa kabisa. Kumbe gego la kwanza la juu mara nyingi lina njia nne, ile ya nne nyembamba kama unywele, yeye aliitafuta kwa darubini mpaka akaipata. Akafungua upya, akasafisha zote, akaziba, kisha krauni juu.

Kuikosa njia ya nne nawaelewa wale wa kwanza, ni ngumu kweli kuiona. Ila kumwambia mgonjwa "hili halijaisha, rudi uwekewe krauni" ni sentensi moja tu, na hiyo ndo imewakosesha nyota tatu.

Juzi nimepiga eksirei ya miezi sita, weusi umepungua sana na kipele hakijarudi.