Begi la kuzunguka Ulaya kwa bei nafuu: pima unene, lita waachie wauzaji

Malalamiko ya wasomaji yanafanana: tiketi ya ndege ilipatikana kwa bei ya kutupwa, kisha getini wakalipishwa begi kwa pesa inayoizidi tiketi yenyewe. Mkiwa wanne mnaopita Milan, Budapest na Kraków, shirika halijumlishi mabegi yenu. Kila tiketi na begi lake, na mmoja akinaswa bajeti ya wote inayumba.

Rangi na idadi ya mifuko mtajichagulia wenyewe. Mimi nakomalia unene. Mashirika ya ndege za bei nafuu Ryanair, Wizz Air na Transavia wanaruhusu bure begi moja la sentimita 40 kwa 30 kwa 20. easyJet ni wakarimu kidogo: 45 kwa 36 kwa 20. Mkichanganya mashirika katika safari moja, fuateni kipimo kidogo. Urefu na upana havisumbui sana, kinachoponza watu ni hiyo 20. Begi linalosomeka 20 dukani likiwa tupu hufika 25 mara tu ukishindilia mfuko wa mbele.

Pima hivi: lijaze kama siku ya safari, liegemeze mgongo ukutani, bana kitabu cha jalada gumu upande wa mbele, kisha pima kutoka ukutani hadi kwenye kitabu. Mikanda ya mabegani nayo imo kwenye hesabu. Likisoma 21 au 22, vaa koti badala ya kulipakia na upunguze mfuko wa mbele. Likipita 23, tafuta lingine. Kagua pia mgongo wa begi. Mgongo ukiwa na plastiki ngumu ndani, hauna msalie mtume: begi la urefu wa sentimita 48 halitakunjika hata likiwa nusu tupu, ilhali la kitambaa kitupu linabonyea na kuingia kwenye kile kisanduku cha kupimia mabegi getini.

La kwanza kwangu, na sifichi upendeleo, ni Cabin Max Metz la 40 kwa 30 kwa 20. Limeshonwa kwa kipimo cha ndege na linafunguka lote kama sanduku, kwa hiyo nguo zinalala bapa na unene hautunishwi na fundo la soksi katikati. Halifai kwa mwendo mrefu, uzito wote unakaa mabegani. Usizidishe kilo 8.

La pili ni Quechua ya Decathlon, maduka ya vifaa vya michezo, lita 20 hadi 23, lisilo na fremu. Dhamana yake ni miaka 10 na duka lao halikosekani katika miji mingi mikubwa ya Ulaya. Kero ni kwamba mengi yanafunguka juu tu.

La tatu, Osprey Farpoint 40. Mkanda wake wa kiunoni ni mzuri mno, lakini urefu unapita sentimita 50, kwa hiyo kwenye ndege za bei nafuu utalilipia. Linunue kama njia yenu ni mabasi ya FlixBus na treni, mathalani Vienna, Bratislava hadi Budapest.

Ya Kariakoo na mitumba ya Gikomba: vuta zipu mara kadhaa, hasa kwenye kona. Ikikwama, liache.

Na hawa wauzaji wa lita! 40 mara 30 mara 20 ni sentimita za ujazo 24,000, yaani lita 24. Anayekuuzia "lita 40, linaingia chini ya kiti" anakudanganya mchana kweupe. Mashirika nayo si malaika. Mwaka 2025 Ryanair ilitangaza kuwapandishia wafanyakazi bonasi kutoka euro 1.50 hadi 2.50 kwa kila begi lililozidi kipimo. Hispania iliyatoza mashirika matano faini ya euro milioni 179 Novemba 2024, sehemu yake kwa sababu ya ada za mizigo ya mkononi, na bado yule jamaa mwenye kisanduku yupo pale getini.

Mnaotoka Kenya, Uganda au Tanzania, plagi zetu za miguu mitatu haziingii kwenye soketi za bara la Ulaya: bebeni adapta moja na ekstensheni fupi kwa wote wanne. Na begi likichukuliwa getini kupelekwa kwenye shehena, toa pawabenki kwanza, maana betri hizo haziruhusiwi huko chini.