Spika janja ndogo: kabla hujalipa, geuza adapta usome

Mwezi uliopita nilinunua Echo Dot, spika ya Amazon unayoiamuru kwa sauti, iliyotumika, kwenye duka moja Kariakoo. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, ikapiga vizuri, akaifunga kwenye boksi. Nyumbani, kila nikipandisha sauti kupita nusu inazima, inawaka upya, taa ya buluu inazunguka, inazima tena. Siku tatu nalaumu Wi-Fi. Siku ya nne nikageuza adapta, nikamulika kwa tochi ya simu yale maandishi madogo: volti 9, ampea 0.6. Hizo ni wati 5 na ushee, wakati spika ile inataka wati 15. Muuzaji alijaribia kwa adapta halisi, akanifungia ya kifaa kingine.

Kwa hiyo leo siongelei besi, masikio yenu yatawaambia. Naongelea umeme. Spika hizi hazina betri, adapta ikifa na yenyewe imekufa. Echo Dot kuanzia toleo la 3, mdogo wake Echo Pop, na Nest Mini ya Google zote zina tundu la duara, chaja ya simu haiingii. Ya Nest Mini ni volti 14, kwa hiyo hata ile ya ruta ya volti 12 msiiazime.

Namba moja kwangu ni HomePod mini, na nasema wazi kwamba naipenda Apple. Waya wake unaishia kwenye USB-C, unachomeka kwenye chaja nzuri ya wati 20. Juzi umeme umekatika saa mbili usiku, nikaihamishia kwenye pawa benki ya wati 20, na ruta ina betri yake. Muziki ukaendelea, watoto wakala wakiusikiliza. Kasoro ni kwamba waya hauchomoki kwenye spika, ukikatika ni kazi ya fundi. Na bila iPhone au iPad huwezi hata kuianzisha.

Wenye Android, chukueni Nest Mini. Nyuma ina tundu la kutundikia kwenye msumari, na pembeni ina swichi ya kuzima maiki. Ya tatu ni Echo Dot, ila tafuteni toleo la 3 au la 4, yana tundu la waya wa kuunganisha na sabufa. Toleo la 5 la mwaka 2022 limeondoa tundu hilo. Echo Pop ni ya chumbani. Zile za bei chee zisizo na jina, nyingi ni spika za Bluetooth tu. Na jueni Siri, msaidizi wa sauti wa HomePod, na Alexa wa Echo hawaelewi Kiswahili.

Sasa bei. HomePod mini ilitoka Marekani kwa dola 99. Mimi nimetajiwa laki nne na nusu, bila waranti, na pini mbili bapa za Kimarekani zinazolegea kwenye kile kigeuzio wanachokupa. Na niliporudi kwa yule muuzaji na ile adapta ya Echo Dot akaniambia, "Dada, mali ikishatoka hairudi." Kisha akafungua droo iliyojaa adapta halisi, akaniuzia moja kwa elfu thelathini na tano. Adapta iliyopaswa kuwa kwenye boksi langu! Mtu analipishwa mara mbili kwa kitu kimoja, na droo ile haikujaa kwa bahati mbaya.

Mkienda, iwasheni kwa adapta mtakayoondoka nayo, pandisheni sauti mpaka mwisho kwa dakika tano, kisha ichomoeni wenyewe na kuitia kwenye boksi kwa mikono yenu.