Godoro la upepo la mama: uzoefu wangu wa miezi 8, Wete

Mama ana miaka 76. Mwaka jana wakati wa vuli alipigwa na kiharusi, upande wa kushoto wote ukapooza. Tuliporudi naye kutoka spitali tulimlaza pale pale alipozoea, kwenye samadari yake na godoro lake la sufi, na mimi nikaanza kazi ya kumgeuza kila baada ya saa 2. Usiku simu ilinilia saa 4, saa 6, saa 8, saa 10. Wiki ya tatu usingizi ukanishinda. Nikazindukana kwa adhana ya alfajiri, na nilipomfunua nikakuta doa jeusi juu ya makalio, penye mfupa, lina moto na ukiligusa gumu. Nililia asubuhi ile kama niliyefiwa.

Muuguzi aliyekuja kumtazama ndiye aliyetutajia godoro la upepo, na akanikataza kulisugua lile doa, jambo ambalo nilikuwa nalifanya kwa mafuta ya nazi nikidhani namsaidia. Kaka yangu aliye Unguja akalinunua kwa shilingi 180,000, likaja kwa boti hadi Mkoani. Mama hupata pencheni jamii, ile ya wazee waliofika miaka 70, shilingi 50,000 kwa mwezi. Basi ni pencheni yake ya zaidi ya miezi 3. Tulichanga, na karafuu zikatusaidia.

Lenyewe ni plastiki yenye vifuko vingi, na pampu ndogo ya kutundika miguuni pa kitanda. Vifuko hujaa na kupungua kwa zamu, kila baada ya dakika chache, ili pale mwili ulipolemea pasilemewe muda mrefu na damu ipate kupita. Unalitandika juu ya godoro la kawaida. Usiku wa kwanza mama aliogopa: "Mwanangu, mbona kitanda chatembea?" Nikalala naye hadi akazoea.

Kosa letu la mwanzo naliandika hapa ili mwengine asilirudie. Kwa kuogopa mkojo nilitandika mpira, juu yake kanga mbili za kukunja, juu yake shuka. Mama akawa analalia kanga, upepo haumfikii. Inatosha shuka moja nyembamba isiyovutwa sana. Nilipoyaondoa yale matandiko, doa likaanza kufifia, na mwezi wa pili ngozi ikarudi.

Pampu ina kitufe cha kuzungusha kulingana na uzito wa mgonjwa. Usitegemee namba peke yake. Pitisha kiganja chini ya godoro la upepo, usawa wa makalio. Ukihisi mfupa umekukalia mkono, ongeza upepo. Na visigino godoro hili halikuviokoa. Muweke mto chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee.

Ubaya wake mkubwa ni kutegemea umeme. Umeme wetu Pemba huja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, tangu 2010, na ukikatika upepo huanza kutoka taratibu hadi mama akajikuta amelalia godoro la chini. Mimi huchomoa mipira ya pampu, nikaikunja midomo na kuifunga, upepo ukabaki kwa muda. Hapo narudi kwenye kumgeuza kila saa 2 kama zamani. Wakati wa kaskazi plastiki ina joto, mgongo hutoka jasho, lazima umfute na kumkausha. Plagi ilikuja ya miguu miwili, na maelezo ya Kiswahili hayamo. Kaka alipowapigia waliomuuzia hawakuwa na la kumwambia.

Lakini nalala. Muuguzi alipoikagua ngozi na kuridhika, alituruhusu usiku tumgeuze kila baada ya saa 4, na kwa mara ya kwanza tangu mama augue nimepata usingizi wa saa 3 mfululizo. Watu wakija kumtazama mgonjwa huniambia nimepata radhi, nami nashukuru, ila mgongo wangu ulikuwa umekwisha na nilishaanza kumjibu mama kwa ukali. Hilo ndilo lililoniuma kuliko doa. Sasa wifi yangu huja kulala naye kila usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa sababu kazi imekuwa ya kubebeka na haogopi tena kuachiwa peke yake.

Mwenye mzazi anayeweza kujigeuza mwenyewe, sidhani kama analihitaji. Mwenye mzazi wa kulala tu, anunue kabla ya kidonda. Aulize plagi, na aulize vipande vya kiraka kama vimo. Letu limeshatoboka mara moja.

Mama siku hizi ndiye mlinzi wa pampu. Ikinyamaza usiku huniita kabla sijajua kuwa umeme umekwenda: "Mwanangu, amka, kitanda kimesimama."