ThinkPad X1 Carbon ya 2021: nyepesi, lakini chagua RAM kwa makini

Kwa mtumishi anayetoka Dodoma mjini kwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kila asubuhi, na anayepanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam kikao kinapoitishwa, kompyuta mpakato hii ya Lenovo, yenye takriban kilo 1.13, ni nafuu kubwa kwa bega. Kibodi ndiyo inayonipendeza zaidi: vitufe vimebonyea kidogo katikati na vinashuka vya kutosha, hivyo kuandika muhtasari wa kurasa kumi hakuchoshi vidole. Hata hivyo, RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hutumia inapofanya kazi) imechomelewa kwenye ubao mkuu, na anayenunua yenye GB 8 hataweza kuiongeza baadaye. Nashauri GB 16. Tundu la kebo ya mtandao halipo, jambo linalosumbua katika ofisi zinazotegemea waya.