Kalkuleta ya mezani yenye vitufe vya TAX, mwezi mmoja nayo mkononi

Kama unapiga hesabu za diskaunti na kodi kila siku soma hapa. Zamani nilikua natumia kalkuleta ya simu, nikaja kununua hii ya mezani, tarakimu 12, ina TAX+ (kuongeza kodi juu ya bei) na TAX- (kuitoa kodi iliyo ndani ya bei), na sasa ya simu hata siigusi.

Kilichoniteka ni TAX-. Chukua risiti ya 115, kodi ya mauzo 15% iko ndani, unataka bei kabla ya kodi. Mimi miaka yote natoa 15% ya 115 napata 97.75 naandika naendelea na kazi, kumbe nakosea, maana ile 15% ilipigwa juu ya 100 sio juu ya 115. Kwenye hii nimeandika 115 nikabonyeza TAX- ikaleta 100 palepale, nikahakiki kwa karatasi, inagawanya kwa 1.15. Siku hiyohiyo nilirudia ankara zote za mwezi.

Diskaunti nayo iko poa sana. Andika 200 - 20 % inakupa 160, toa tena 10% inakupa 144, hapo unaona kwa macho kwamba 20 kisha 10 ni punguzo la 28% na sio 30. Ila msiichanganye na zile za sayansi za wanafunzi, nyingi kitufe cha % kinagawa kwa 100 basi, ukiandika 200 - 20% unapata 199.8, wanafunzi wengi wanaangukia hapo.

Kwenye faida haina msaada wa maana. Mpwa wangu alikuja na swali, kitu kimenunuliwa 80 kikauzwa 100, anauliza "anko, faida ni 20% au 25%?" nikamuuliza asilimia ya nini? Ya bei ya kununulia ni 25, ya bei ya kuuzia ni 20, na swali la shule likisema tu asilimia ya faida kawaida wanataka ya kununulia. Hilo lazima ulijue wewe kabla hujagusa kitufe chochote, mashine itagawa chochote utakachoipa.

Lawama yangu ni moja, karatasi ya maelezo. Maandishi madogo mno, halafu ya kwangu ilikuja kiwango cha kodi kikiwa 0, kwa hiyo nabonyeza TAX+ namba inabaki ilivyo, siku mbili nzima najua ni mbovu nataka kuirudisha dukani. Kumbe unashikilia kitufe cha RATE hadi kioo kiandike SET, unaweka kiwango chako, unafunga, imeisha hiyo.

Nyota nne kati ya tano, na nimeshaagiza ya pili ya mpwa wangu.