ELM327 ya Bluetooth kwa IST na Noah za Mbeya: inunuliwe au la?

Inunuliwe. Kwa bei yake, hiki kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (soketi ya kupimia gari) na kuunganisha na simu kinasoma kodi za injini, yaani namba za hitilafu, kinazifuta, na kinakuonyesha namba za sensa injini ikiwa inaunguruma. Taa za ABS na airbag usizitegemee kwenye programu za bure za simu. Wenye iPhone watafute kipimo cha WiFi au Bluetooth 4.0, maana kile cha kawaida hakiungani na simu hiyo.

Balaa ni feki. Nyingi zilizoandikwa v2.1 zimepunguzwa uwezo, zinagoma kwenye baadhi ya magari, na maandishi ya v1.5 nayo si dhamana. Jaribu kwenye gari lako kabla hujatoa hela. Taa ya kipimo isipowaka, tazama kwanza fyuzi iliyoandikwa OBD.

Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kabla ya 2002, kama Carina Ti, yana soketi ya pini 16 na bado kipimo kinaweza kugoma. Kwa Toyota nyingi za aina hiyo hakuna haja ya mashine: unganisha pini ya 4 na ya 13 kwa waya mfupi, washa swichi bila kupiga stata, hesabu taa ya cheki injini inavyometa. Mara mbili, kituo kidogo, kisha mara moja ni 21, yaani mzunguko wa sensa ya oksijeni. Pini ya 16 usiiguse, ina umeme wa betri muda wote.

Sasa, kodi inataja mzunguko wenye shida, haitaji spea ya kununua. Gari likimisi na kutoa P0302, hamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya tatu, futa kodi, endesha. Ikija P0303, koili imekufa. Ikibaki P0302, angalia plagi, nozeli na waya. P0135 ni hita ya sensa ya oksijeni: chomoa soketi yake, pima kwa mita nyaya mbili za hita, ambazo kwenye sensa nyingi za Toyota zenye nyaya nne ni zile mbili nyeusi. Mita isiposoma kitu, hita imekatika. Ikisoma, tafuta volti 12 upande wa gari kabla ya kununua sensa.

P0171, yaani hewa nyingi kuliko mafuta, ndiyo inayowalia watu hela. Fungua ukurasa wa fuel trim, asilimia ya mafuta ambayo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza. Ikiwa +20 kwenye sailensi na inashuka ukikanyaga hadi mizunguko 2,500, kuna mpira unaovuta hewa. Ikizidi kupanda, safisha sensa ya hewa kwa dawa yake (siyo petroli!) na upime presha ya pampu ya mafuta.

Kwa huku kwetu kuna mtego mmoja. Kwenye gari lenye sensa ya MAP (inayopima presha ya hewa inayoingia injini), washa swichi bila kuwasha injini: Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, itasoma kama kPa 82 au 83, na Njombe karibu 80. Fundi aliyezoea 101 ya Dar atakwambia sensa imekufa. Haijafa, hewa ndiyo nyepesi.

Kodi nyingi zikija kwa mpigo, hasa asubuhi za baridi ya Juni na Julai, acha sensa zote. Pima betri: 12.6 injini ikiwa imezimwa, isishuke chini ya 9.6 wakati wa kupiga stata, na 13.5 hadi 14.5 injini ikiunguruma. Kaza na usafishe nyaya za ethi. Tumia mita, volti za kipimo hiki huwa hazijanyooka.

Kabla ya kufuta chochote, piga picha ya freeze frame, yaani namba za sensa zilizohifadhiwa hitilafu ilipotokea. Ukifuta, inakwenda na kodi. Kipimo kichomoe usiku, kinanyonya betri. Na wenye malori ya volti 24 wa njia ya Tunduma, hiki si chenu, kinaweza kuungua.